Tupeane uzoefu: dawa ya homa na maumivu kwa watoto, mnaipimaje nyumbani?

Wazazi wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini, baridi ya Juni ikishaingia watoto huanza mafua na homa za usiku, na wengi wetu hupitia duka la dawa muhimu kununua paracetamol ya maji kabla ya kufikiria zahanati. Naomba kila mmoja aeleze anavyopima dozi. Mimi huanza na uzito ulioandikwa kwenye kadi ya kliniki, kwa kuwa paracetamol hutolewa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, na isizidi mara 4 ndani ya saa 24.

Mama wa wawili, Uyole
Uzito peke yake hautoshi, ndugu yangu. Mwaka jana tulikuwa na chupa mbili kabatini, zote za paracetamol. Moja iliandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, nyingine miligramu 250 kwa mililita 5. Mama mkwe alikuwa ameshashika ile ya pili, anataka kumpa mjukuu mililita 5 kama alivyozoea. Nikamwomba, "Mama, tusome kwanza." Mtoto ana kilo 10, kwa hiyo kikomo chake kwa mara moja ni miligramu 150. Mililita 5 za chupa ya kwanza zinamfaa. Za chupa ya pili zingempa 250.

Baba, Mafinga
Vijiko vya chai havilingani ukubwa, hata vya seti moja ya sokoni na nyingine. Niliomba dukani bomba la sindano lisilo na sindano, na ndilo tunalotumia: dawa inaingizwa taratibu pembeni mwa shavu ili mtoto asipaliwe. Kwa kuwa mimi hufanya kazi zamu za usiku, kila anayempa dawa huandika saa kwa kalamu kwenye boksi lake. Kabla ya hapo mke wangu alikuwa akiniamsha kuuliza kama nimeshampa.

Muuguzi mstaafu, Tukuyu
Mmesema vema, wanangu. Niongeze kwamba dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani yake, kwa hiyo anayempa mtoto dawa ya mafua na ya homa kwa pamoja huenda anampa dozi mbili bila kujua, na ini linaloumia kwa kuzidishiwa linaweza lisionyeshe dalili yoyote siku ya kwanza. Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 16 bila agizo la daktari. Ibuprofen haimfai mtoto wa chini ya miezi 3, wala anayeharisha na kutapika hadi kuishiwa maji. Zile tembe za maumivu mnazomeza wenyewe baada ya shamba msizivunje nusu mkampa mtoto.

Paracetamol hushusha homa tu; haitibu malaria. Mtoto aliyetoka kwenye joto na malaria, kama Kyela au Usangu, akapata homa apimwe, hata kama sasa yuko kwenye baridi ya Makete. Mchanga wa chini ya miezi 3 akifikisha nyuzi 38, msijaribu dawa nyumbani, mpelekeni hospitali, kama mnavyompeleka mwenye degedege, aliyelegea, au aliyeshindwa kunyonya. Na haya mablanketi matatu juu ya mtoto anayechemka, jamani, yapunguzeni.

Mama, Njombe
Shikamoo bibi. Akitapika dawa, nirudie?

Muuguzi mstaafu, Tukuyu
Marahaba. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, mrudishie dozi ileile mara moja. Ikiwa imepita, subiri hadi saa ya dozi inayofuata. Akitapika kila anachopewa, maziwa na maji pia, acha kumpa dawa hiyo umpeleke kituo cha afya, na uibebe chupa yenyewe ili mganga aone alichopewa.