MREJESHO: Vifaa vya kununua na sarafu 10 za dhahabu kwenye D&D

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi. Niliomba ushauri ndo naanza D&D, yaani Dungeons & Dragons, ile gemu ya mezani ya kuigiza wahusika na kurusha dadu, toleo la 5 vitabu vya 2014, nina dhahabu 10 tu na tunaingia mgodi wa zamani, ninunue nini.

Aliyesema niachane na mienge asante sana, mwenge ndani ya saa 1 umeisha, nikachukua kandili ya dhahabu 5 na chupa tano za mafuta, chupa moja inawaka kwa saa 6 kwahiyo giza halikutusumbua kabisa. Kamba ya katani futi 50 dhahabu 1, tulishukia shimoni. Mtaimbo dhahabu 2, huu ndo ulitubeba, maana mhusika wangu ana nguvu za kuku na mlango ulikuwa umegoma, ukiwa na mtaimbo unarusha dadu mara mbili unachukua kubwa, nikapata 4 na 17, mlango chali.

Gololi sasa 😂 mfuko wa gololi 1,000, dhahabu 1, nikamwaga koridoni magoblini (vijitu adui vya kwenye gemu) wawili wakaanguka vizuri tu, ila tulipoanza kukimbia nikasahau kuwaambia wenzangu, padri wetu naye akateleza akala mishale miwili. Hajanisamehe mpaka leo.

Kilichofeli ni ule ufito mrefu wa futi 10 nilionunua pia. Bei ni sarafu 5 za shaba tu sikatai, lakini kona ya kwanza haukupita, msimamizi wa gemu akacheka, nikauacha palepale.

Wiki ijayo naongeza chaki, tulipotea mara mbili. Shukrani wote mliojibu.