WWE wametudharau: pambano la timu tatu limetupwa SmackDown ya saa 9 usiku wakati WrestleMania ilikuwa na nafasi

Wakuu, nimezima runinga sasa hivi. Ni saa 12 asubuhi ya Jumamosi, Aprili 26, 2025, SmackDown ya Fort Worth, Texas, kile kipindi cha mieleka cha WWE cha kila Ijumaa, imeisha, na badala ya kwenda kulala nimekaa kuandika uzi huu kwa sababu hasira zimenijaa mpaka kooni. Pambano la meza, ngazi na viti kati ya timu za Street Profits, DIY na Motor City Machine Guns, lile ambalo mshindi ni anayepanda ngazi na kuifungua mikanda iliyoning'inizwa juu, nimelitazama mwanzo mwisho bila kupepesa macho. Ni zuri mno. Watu sita wamejitoa mhanga mbele ya macho yetu. Hapo ndipo ninapochukia zaidi, kwa sababu wiki iliyopita tu tulikuwa na WrestleMania 41, onyesho kubwa kuliko yote la WWE kwa mwaka, pale Las Vegas, usiku mbili nzima, mapambano 14, na mikanda hii haikuonekana ulingoni hata kwa bahati mbaya.

Nasema tena kwa wale waliolala: mikanda ya timu za wawili ya SmackDown haikugombewa WrestleMania. Imesubirishwa mpaka Ijumaa yake, ikawekwa kwenye kipindi cha kawaida cha wiki, ambacho huku kwetu Afrika Mashariki kinaanza saa 9 usiku wa kuamkia Jumamosi, na pambano lenyewe likawekwa mwisho kabisa, karibu na adhana ya alfajiri.

Kabla hamjaanza kuniambia "ni kipindi kimoja tu, tulia", turudi nyuma kidogo muone hii hadithi ilivyojengwa. Oktoba 2024 Alex Shelley na Chris Sabin, hao Motor City Machine Guns, waliingia WWE baada ya miaka mingi ya kupigana pamoja kwingineko. Wiki moja tu tangu waingie, Oktoba 25 pale Brooklyn, wakachukua mikanda kutoka kwa Tama Tonga na Tonga Loa wa kundi la Bloodline. Desemba 6 Johnny Gargano na Tommaso Ciampa, yaani DIY, wakawavua mikanda kwa hila. Hawa walikuwa marafiki zao. Tangu siku hiyo DIY wamekuwa watu wa kuchukiwa kwelikweli, na mimi niliwachukia kwa moyo mmoja, jambo ambalo ni sifa kwao. Februari 1 kwenye onyesho la Royal Rumble kule Indianapolis timu hizo mbili zikarudiana kwa mizunguko mitatu, mshindi ni wa miwili. Street Profits wakajitosa humo humo kudai haki yao, DIY wakaondoka na mikanda. Machi 14 kule Barcelona, Montez Ford na Angelo Dawkins, yaani Street Profits, hatimaye wakawabwaga DIY na kuwa mabingwa.

Hesabuni wenyewe. Oktoba hadi Machi, timu tatu, kila moja ina sababu ya kuichukia nyingine, kila moja imewahi kuvaa mikanda hiyo ndani ya kipindi hicho. Mabingwa wapya wamepatikana mwezi mmoja tu kabla ya WrestleMania. Hadithi ilikuwa imeiva, ilibaki kupakuliwa. Halafu wakaizima kimya kimya.

Msiniambie ratiba ilijaa. Ratiba haikujaa. Kevin Owens alikuwa nje kwa sababu ya shingo, kwa hiyo Randy Orton akabaki bila mpinzani, na nafasi yake wakamletea Joe Hendry akapigwa dakika chache biashara ikaisha. Sina ubaya na Hendry wala Orton. Lakini shimo lilikuwepo, watu sita wenye hadithi ya miezi sita walikuwepo, na aliyeamua akaona bora ajaze kwa kichekesho. Pambano la mwisho la Jumapili, lile la John Cena na Cody Rhodes, lilipata muda wa mwanamuziki Travis Scott kuja na muziki wake katikati ya pambano na kuingilia. Muda wa kuingia kwa mbwembwe na fataki ulikuwepo tele. Muda wa watu wanaopigana ndio uliokosekana.

Na kuna jibu ninalolijua litakuja: "Mkuu, mieleka ni maigizo, unaumia nini?" Naumia kwa sababu hiyo hiyo. Kwenye mpira timu isipofika fainali ni kwamba imefungwa, unakubali yaishe. Hapa hakuna aliyefungwa. Matokeo yanapangwa mezani, ratiba inapangwa mezani, na kiongozi wa ubunifu ni Paul Levesque, yule yule Triple H tuliyekuwa tunamshangilia, ambaye alipokuwa anaisimamia NXT, kile kipindi cha WWE cha kukuza vipaji, ndiye aliyetupa hawa hawa DIY. Mnakumbuka Toronto Novemba 2016 walivyochukua mikanda kwa timu ya The Revival? Mnakumbuka Chicago Mei 2017, wamepoteza pambano la ngazi, wamesimama juu wanapigiwa makofi, halafu Ciampa akamgeuka Gargano na kumbamiza ukutani? Mtu aliyesimamia hayo anajua kabisa timu ya wawili inaweza kufanya nini kwa moyo wa mtazamaji. Kwa hiyo siwezi kusema hajui. Anajua, na ameamua hivi.

Kwa wale wanaoona mapambano ya wawili wawili ni ya kujazia muda, naomba mtazame kwa makini siku moja. Mtazameni yule aliye nje ya kamba. Sheria inamtaka asimame kwenye kona yake, ashike kile kikamba kifupi kilichofungwa pale kwenye nguzo, na hawezi kuingia mpaka mwenzake amguse mkono. Ndani, mwenzake ameburutwa kwenye kona ya maadui, anapigwa kwa zamu, huyu akichoka anaingia yule. Anajikokota kwa tumbo. Anafika vidole vinakaribia kugusana, anavutwa mguu, anarudishwa kule kule. Yule wa nje amenyoosha mkono mpaka bega linataka kuchomoka, anapiga mguu chini, ukumbi wote unapiga naye. Safari ya pili anachomoka, anaruka, mkono unagusa mkono, watu wanapasuka kwa kelele. Hakuna pambano la mtu mmoja mmoja linaloweza kukupa kitu hicho. Haliwezi, kwa sababu ndani yake hakuna wa kumfikia.

Sasa ngoja niwakumbushe wanaosema timu za wawili haziuzi. Aprili 1, 2001, uwanja wa Astrodome pale Houston, WrestleMania X-Seven. Timu tatu kwenye pambano la meza, ngazi na viti: Hardy Boyz, Dudley Boyz, Edge na Christian. Jeff Hardy ananing'inia hewani ameshika mikanda, ngazi imeondolewa chini yake, Edge anajirusha kutoka kwenye ngazi ndefu anamkumba kiunoni wote wawili wanashuka kama mizigo. Miaka 24 imepita na kile kipande bado wanakirusha kwenye matangazo yao kila WrestleMania ikikaribia. Wanakitumia kuuza. Lakini hawataki kutengeneza kingine cha kuuzia kesho.

Na si mambo ya zamani tu. The New Day walishika mikanda ya timu ya Raw, kipindi cha WWE cha Jumatatu, siku 483, kuanzia onyesho la SummerSlam la 2015 mpaka Desemba 2016. Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, ndiye aliyefika WrestleMania 35 mwaka 2019 na kuchukua ubingwa wa WWE, na alifikaje? Alifika akiwa amebebwa na wenzake wa The New Day, Big E na Xavier Woods, kila wiki. The Usos, wale mapacha Jimmy na Jey, walikaa na mikanda ya SmackDown siku 622, na walipoipoteza kwa Sami Zayn na Kevin Owens pale Inglewood, Aprili 1, 2023, lilikuwa pambano la mwisho la usiku wa kwanza wa WrestleMania 39. Nilikuwa nimesimama. Sami anamwangalia Jey aliyelegea kwenye kona, kijana waliyecheka naye miezi yote ile, halafu anakwenda kumpiga teke moja zaidi. Uwanja mzima ulikuwa pale. Kwa hiyo ushahidi wanao ndani ya kabati lao wenyewe, tena wa miaka miwili tu iliyopita!

Walifanya nini baada ya hapo? Wakawatenganisha. Mwaka uliofuata WrestleMania 40 wakatupa Jimmy dhidi ya Jey, mtu na pacha wake, pambano ambalo nchi nzima ya mashabiki ilikuwa inalisubiri, na wakatoa mateke ya kidevuni mfululizo mpaka ikachosha. Ndivyo walivyo: timu ya wawili wanaiona kama kitalu tu, unachukua mche mmoja unauhamisha, mwingine unauacha unyauke. Wiki iliyopita Jey huyo huyo amefungua WrestleMania kwa kumshinda Gunther na kuchukua ubingwa wa dunia. Nimefurahi, anastahili. Lakini nani alimfundisha kuushika uwanja? Miaka yake yote na kaka yake kwenye kona moja. Shawn Michaels alitoka kwenye timu ya wawili. Bret Hart alitoka kwenye timu ya wawili. Edge na Jeff Hardy hivyo hivyo. Mnakula matunda ya huu mti kila msimu halafu hamtaki kuumwagilia.

Kuhusu yale mapambano mawili ya timu yaliyopata nafasi WrestleMania 41, nitasema kwa kifupi. The New Day kuwapiga timu ya War Raiders ni sawa, ingawa baada ya Kofi na Woods kumgeuka Big E Desemba ile, mtu aliyevunjika shingo Machi 2022 akiwa kazini, nilitegemea ushindi huo uwe na uzito. Ukapita tu. Wala sikuona mtu akiuzungumzia siku ya pili yake.

La akina dada ndilo limenichoma. Jumapili Becky Lynch anarudi, anaungana na Lyra Valkyria, wanawapiga Liv Morgan na Raquel Rodriguez, wanachukua mikanda, watu wanalia kwa furaha. Jumatatu kwenye Raw, hata usingizi haujawaisha, wanaipoteza kwa watu wale wale, na Becky anamgeukia mwenzake anampiga. Siku moja! Mkanda umegeuzwa kuwa kibiriti cha kuwashia ugomvi wa watu wawili, ukishawaka unatupwa. Liv na Raquel waliojenga jina la mikanda hiyo kwa kuitetea, wamefanywa daraja la kupitia. Mnataka sisi tuheshimu mkanda ambao nyinyi wenyewe hamuuheshimu?

Narudi Fort Worth ili nisiwadhulumu wale vijana sita. Kipindi kilikuwa cha saa tatu. Zelina Vega amemvua Chelsea Green mkanda wa Marekani wa wanawake, hongera kwake. Aleister Black amerudi na kumfumua The Miz, nimeshangilia peke yangu sebuleni. Lakini ukweli ni kwamba bila lile pambano la mwisho kipindi kingekuwa cha kawaida tu, na wao wanajua. Street Profits wamepanda, wameifungua mikanda, wamebaki mabingwa, na walivyoanguka kwenye zile ngazi na meza hakuna aliyebana nguvu. Ciampa na Gargano wana umri na majeraha ya miaka. Sabin na Shelley wamefanya kazi hii tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Watu kama hao WrestleMania hazijabaki nyingi mbele yao, na mwaka huu mmewanyima moja kwa makusudi. Mkawaambia mwili uleule mnaoutoa uvunjeni Ijumaa, kwenye kipindi chenye mapumziko ya matangazo, mbele ya ukumbi wa ndani, badala ya mbele ya uwanja wa Allegiant uliojaa.

Kuna mdau ataniambia kupata saa ya mwisho ya SmackDown ni heshima. Mkuu, heshima ni kuwekwa mahali watoto watakapokumbuka. Wadogo zetu wanaoiga mieleka kwenye mchanga shuleni wanaijua WrestleMania kwa jina. Hakuna hata mmoja anayejua Fort Worth iko wapi.

Onyesho lijalo la WWE, Backlash, ni Mei 10 kule St. Louis. Ninachotaka ni kitu kimoja: Street Profits wapande pale na mikanda yao, wapewe dakika 20, timu dhidi ya timu, mkono kwa mkono, bila ngazi wala meza, maana hawa watu hawahitaji kuvunjwa mifupa ndipo waonekane. Wakiachwa nje tena, mimi saa 9 usiku nitakuwa nimelala. Nani mwingine ameliona hili, au niko peke yangu? Na aliyeona sababu yoyote ya maana ya kuwanyima WrestleMania ailete hapa tuijadili.