Kompaila inakatika kila mara mahali tofauti: RAM mbovu au kasoro ya GCC?

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri. Niko Nkuhungu, Dodoma. Tangu niongeze RAM ya GB 8 kwenye kompyuta yangu ya mezani, kila ninapokompaili keneli ya Linux (kiini cha mfumo huo) kwa GCC, yaani kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa, kazi hukatika katikati, na ujumbe husema kompaila imepata hitilafu ya ndani, ishara namba 11. Jana ilikatikia kwenye faili moja la mtandao. Leo faili hilo hilo limepita salama, ikakatikia kwingine kabisa. Filamu na michezo havisumbui, ndiyo maana nasita kuilaumu RAM. Je, nibadilishe toleo la GCC?

Mchangiaji, Singida: Mkuu, toleo liache kwanza. Kompaila ikipewa faili lile lile hupita hatua zile zile, kwa hiyo kasoro iliyomo ndani yake kwa kawaida hujirudia kwenye mstari ule ule. Kosa linalohamahama namna hiyo, mara nyingi mno, ni la vifaa. Na filamu isikudanganye: biti moja (0 au 1) ikigeuka kwenye picha utaona doa la kufumba na kufumbua, lakini ikigeuka kwenye anwani ambayo kompaila inaitegemea, programu hugusa eneo la kumbukumbu lisilo lake na mfumo huiua papo hapo; hiyo ndiyo ishara namba 11. Iwashe Memtest86+ (programu ya kupima RAM) kwa flashi na uiache usiku kucha, ukipima RAM moja moja.

Mchangiaji, Area C: Naongeza joto. Kwa vumbi letu la kiangazi, feni ya prosesa huziba upesi, nawe ukikompaili kwa nyuzi nyingi prosesa hufanya kazi kwa nguvu zote kwa muda mrefu. Ipulize kwa blowa, kisha jaribu make -j1 (amri ya kukompaili faili moja moja badala ya mengi kwa pamoja). Tutajie prosesa pia, kwa sababu mwaka 2017 baadhi ya prosesa za kwanza za Ryzen (za AMD) zilikatika hivyo hivyo wakati wa kukompaili, na mwaka 2024 Intel ilikiri tatizo la volteji kwenye Core za kizazi cha 13 na cha 14.

Mwanzisha uzi: Nawashukuru sana. Prosesa ni Core i5 ya kizazi cha 4, na feni nimeisafisha bila mabadiliko yoyote. RAM ya zamani ikiwa peke yake imemaliza mizunguko minne ya Memtest86+ bila kosa. Ile mpya imetoa makosa mzunguko wa pili, hata baada ya kusugua meno yake kwa kifutio na kuihamishia tundu jingine. Nimeitoa, na keneli imekompailika mara tatu mfululizo.

Mchangiaji, Singida: Basi irudishe dukani ukiwa na picha ya matokeo. Ila futa faili zote za .o (matokeo ya kila faili lililokompailiwa) zilizotengenezwa RAM hiyo ikiwemo, kwa kuwa si kila biti iliyogeuka iliiangusha kompaila. Nyingine huenda ziliandikwa kwenye diski kimyakimya. Hazina yako ya Git (inayotunza msimbo na historia yake) ipitishe kwenye git fsck, amri ya kukagua kama kuna kilichoharibika, kabla hujasukuma chochote kwenye seva.

Mwanzisha uzi: Fsck imekuta faili moja limeharibika, la wiki mbili zilizopita. Nalirejesha sasa kutoka nakala ya akiba.