Mrejesho: Mchezo wa konsoli au wa kompyuta, upi ni mali yako?

Niliuliza kama anayetaka mchezo uwe mali yake kweli anunue konsoli (mashine ya michezo kama PlayStation) au kompyuta, ahsanteni mlionijibu. Nimechukua kompyuta, ingawa Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, nayo huuza leseni tu, yaani ruhusa ya kucheza, na tangu Oktoba 2024 hulisema hilo waziwazi kabla hujalipa. Kilichonivuta ni GOG, duka jingine la mtandaoni, ambako unapakua faili la kusakinisha lisilo na kufuli: nimelihifadhi kwenye diski ya nje, nikazima intaneti, na mchezo ukafunguka bila kuniuliza akaunti wala nenosiri. Hata hivyo, mwenye konsoli ya diski ananizidi kwa jambo moja, tena si dogo kwa bei za hapa Mombasa: akiumaliza mchezo, anamuuzia jirani.