Tupeane uzoefu: uliyelazwa au kuuguza wodi ya magonjwa ya akili, nini kilikusaidia kweli?

Kalamu Nyekundu (mwanzisha mada)

Wakuu, ikitajwa wodi ya akili, zinazokuja ni hadithi za kamba na sindano. Zipo, na waliopitia wana haki ya kuzisema. Ila kuna familia nyingi zinagoma kumpeleka mgonjwa hospitali kwa sababu hizo ndizo pekee walizozisikia. Naomba upande wa pili. Usiseme tu "walinihudumia vizuri", sema walifanya nini. Majina ya hospitali na madaktari tuyaache.

Naanza mwenyewe. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Nilifika nikiwa siwezi hata kujibu nina umri gani, kaka yangu ndiye aliyenisemea. Daktari akamshukuru, akamwomba asubiri nje, akavuta kiti akaja kukaa upande wangu wa meza. Akaniuliza waziwazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nilipoitikia kwa kichwa hakushtuka wala kunihubiria. Akataka kujua kama wazo limekuja leo, kama nyumbani kuna kitu cha kunidhuru, na nini kimenishikilia mpaka saa ile. Watu huogopa swali hilo wakidhani watampandikizia mtu wazo. Mimi wazo nilikuwa nalo zamani, nilichokosa ni mahali pa kulitua.

Cha pili, aliniambia mapema dawa itakavyokwenda: mwanzoni kichefuchefu na kinywa kukauka, moyo bado mzito, usingizi na hamu ya kula vingetangulia kurudi, furaha ingechelewa wiki kadhaa. Ikawa vile vile. Bila maneno yale ningevitupa vidonge nikisema havifanyi kazi.

Baba Mwenye Nyumba

Mimi nauguza, sikulazwa. Mke wangu alijifungua salama, siku chache baadaye usingizi ukakata kabisa. Anaongea mfululizo, mara analia, mara anacheka, kisha akaanza kusema mtoto amebadilishwa. Kila ndugu alikuwa na maelezo yake, na kila maelezo yalikuwa na mtu wa kulaumiwa.

Hospitali hawakukimbilia dawa za akili. Walimpima joto, presha, damu, wakatafuta maambukizi, kwa sababu homa ya uzazi nayo humchanganya mtu. Ndipo daktari akatuketisha, mimi na mama mkwe, akatueleza kuwa ni saikosisi ya baada ya kujifungua, yaani akili kupoteza uhalisia: huwapata mama 1 au 2 katika kila 1,000 wanaojifungua, ni dharura, na wengi wakitibiwa hupona kabisa. Mama mkwe akauliza kama ni kosa la mtu. Akajibiwa: "Si kosa la mtu yeyote, mama." Ugomvi wa familia nzima ukaishia pale.

Nililodhani ni kwamba watamtenga na mtoto. Mwanzoni alilala wodi nyingine, kweli, lakini alipotulia kidogo muuguzi alimleta mtoto, akakaa hapo hapo kitandani, mkono wake chini ya mgongo wa mtoto muda wote, huku mke wangu anamnusa nywele. Dakika chache tu. Kesho yake zikaongezwa. Walimfundisha kukamua maziwa ili titi lisijae, wakatuambia ni dawa ipi inaruhusu kunyonyesha na ipi hairuhusu. Na mimi nikaulizwa: "Baba, wewe umelala lini?" Sikuwa na jibu. Nikafukuzwa nikalale, na sijawahi kufukuzwa vizuri namna ile.

Tulipotoka tuliambiwa mimba nyingine ikija tusingoje dalili, twende kliniki mapema, maana hatari ya kurudi ni kubwa.

Tai wa Jioni

Nitachafua kidogo hali ya hewa. Mara yangu ya kwanza kulazwa, hospitali sitaitaja, nilishikwa na watu wanne nikachomwa sindano bila neno. Mara ya pili, kwingine, ugonjwa ule ule, na nadhani dawa ile ile. Nesi akanionyesha kichupa, akataja jina la dawa, akasema itanipa usingizi, kisha akaniuliza: "Begani au makalioni?" Nilikuwa sijielewi kabisa, lakini swali lile nililielewa. Nikasema begani. Hakuna aliyenishika.

Shingo ilipoanza kukakamaa na kuvuta upande mmoja, nilidhani nakufa. Wakanieleza ni maudhi ya dawa, wakanipa dawa ya kulegeza, baada ya muda ikaachia. Dozi ikapunguzwa.

Nesi Mstaafu

Tai, pole, na asante kwa kusema yote mawili. Kazi ile nimeifanya muda mrefu. Unapoingia tunachukua mkanda, kamba za viatu, wembe. Mgonjwa asipoambiwa sababu anaona amefika jela. Akiambiwa kwamba tunachukua kwa kila mtu, tunaandika, na atarudishiwa vyote siku ya kuruhusiwa, wengi hutoa wenyewe. Usiku tunapita na tochi; hatukupelelezi, tunaangalia kifua kinapanda na kushuka.

Ombi langu kwa ndugu: msimdanganye mgonjwa. "Twende tukamsalimie shangazi", gari linakata kona, anajikuta getini kwetu. Mtu huyo atatuchukia sisi na nyinyi, na dawa hatameza. Mwambieni mnakwenda hospitali kwa sababu hapati usingizi na mna hofu. Akikataa na ni hatari, semeni hivyo hivyo, mwite msaada. Na njooni na dawa zote alizokuwa akitumia, hata za maumivu, ziwe kwenye pakiti zake.

Mchapakazi

Nina bipola, ugonjwa wa hisia kupanda kupita kiasi na kushuka kupita kiasi. Kilichonisaidia zaidi kilikuwa karatasi moja. Kabla sijaruhusiwa, mwanasaikolojia alituweka mimi na mke wangu tuandike dalili zangu za kupanda, *zangu*, si za kitabuni. Zangu ni kulala kwa muda wa saa tatu tu nikaamka na nguvu, kutuma ujumbe mrefu usiku wa manane, na kutaka kuanzisha biashara na kila ninayekutana naye. Mbili zikionekana pamoja, mke anapiga simu kliniki na mimi nimeshakubali kwa sahihi yangu. Tangu hapo hatugombani kama naumwa au siumwi, tunaisoma karatasi.

Natumia lithiamu. Dawa ya zamani, daktari John Cade wa Australia aliandika juu yake 1949, na bado ipo. Ila ina masharti: kiwango chake kwenye damu kinapimwa, saa 12 baada ya dozi ya mwisho, figo na tezi ya shingo vinaangaliwa, unakunywa maji ya kutosha, chumvi hupunguzi ghafla, na dawa za maumivu kama ibuprofeni huzimezi bila kuuliza. Nilielezwa yote kabla ya kidonge cha kwanza.

Mgeni Njiani

Samahani, kuna aliyepitia ile tiba ya kupitishiwa umeme kichwani? Wamempendekezea baba yangu, hatulali.

Mtoto wa Mwisho

Mama yangu alifanyiwa. Alikuwa hali, hanywi, hazungumzi, macho wazi tu, na dawa hazikuwa zimemsogeza. Sahau picha mliyonayo kichwani. Anapigwa nusu kaputi, halafu dawa ya kulegeza misuli, kwa hiyo mwili haurukiruki. Hufanywa mara kadhaa kwa wiki, si mara moja ikaisha. Siku moja tukiwa tumekaa naye aliomba maji, kisha akauliza nani amefunga dirisha na joto lote hili. Dada yangu alitoka nje kulia.

Sitakuficha: wiki zile za kuumwa hazikumbuki, na baadhi ya mambo ya kabla yake hayakurudi. Yeye anasema ni sawa, mimi ninayeulizwa jambo lile lile mara mbili nasema ni sawa pia. Muulizeni daktari mambo matatu: ataamkia wapi na nani atakuwa pembeni yake, kumbukumbu watazifuatilia vipi, na baada ya awamu hiyo ataendelea na dawa gani ili isirudi. Akiwajibu bila kuharakisha, nendeni.

Mgeni Njiani

Asante sana ndugu yangu. Kikao na daktari ni asubuhi, nayaandika haya sasa hivi.