Mrejesho: Nilishindwa kulala tangu mzee afariki

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niliwauliza nifanye nini, maana tangu tumzike baba nilikuwa silali, wala siwezi kumtaja mbele za watu. Asanteni wote, hata mlioniambia nijikaze kiume.

Nilifuata ushauri wa dada aliyetaja utafiti wa James Pennebaker na Sandra Beall wa Marekani, wa 1986: unaandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, kuhusu jambo linalokuumiza, bila kujali tahajia. Nikanunua kaunta buku pale Mwanjelwa, Mbeya, nikawa naandika watoto wakishalala, blanketi mabegani (baridi ya Uyole mwezi wa saba mnaijua). Mwanzoni niliumia zaidi. Dada alishanionya: hata washiriki wa utafiti ule walihuzunika zaidi walipomaliza tu kuandika. Kilichonifungua ni kuandika kwamba namkasirikia mzee. Alituficha ugonjwa wake, tukajua maji yameshamwagika. Hilo sikuwahi kumwambia mtu.

Kwenye kikao cha ukoo nimemzungumzia. Sauti ilitetemeka, lakini nilimaliza.

Kumsomea kaka niliyoandika ndiko kulikoshindikana. Alisema mambo ya marehemu hayaandikwi, na sasa tunaishia kwenye salamu tu. Usingizi nao umerudi nusu nusu, hivyo nimeanza kuonana na mshauri nasaha hospitalini. Atakayejaribu afungie daftari lake kabatini. Si lazima mtu asome.