Tupeane uzoefu: uliyejijengea septiki nyumbani kwako, ilikuwaje? (Kigoma na majirani wa Tabora)

#1 – Mleta mada, Gungu

Habari za jioni ndugu zangu. Nimeleta hii mada kwa sababu naona tunapojenga tunahangaika sana na bati, vigae, madirisha ya aluminiamu, halafu septiki, yaani tenki la chini linalotuliza uchafu wa choo, tunamwachia fundi na hela iliyobaki mfukoni.

Naanza mimi. Nimejenga Gungu mwaka 2019. Fundi wangu wa nyumba ni mzuri, ukuta wake umenyooka mpaka leo, kumbe septiki haijui na mimi nilikuwa sijui kwamba haijui. Alichimba shimo moja kubwa, akajenga kwa tofali za kuchoma, akafunika na zege, bomba la kuingia na la kutoka kayatoboa usawa mmoja, hakuna ukuta wa kugawa ndani, hakuna tii (kile kipande cha bomba chenye umbo la T). Tumekaa mwaka na miezi kadhaa, masika ya pili choo kikaanza kugoma. Ukiflashi maji yanapanda juu, yanasimama, halafu yanashuka taratibu yanagugumia, na bafuni kunatoa harufu hadi wageni wanaona aibu kuuliza.

Tukafunua lile shimo la pili la kunyonya, lenye mawe, ambako maji ya septiki yanaenda kunywewa na ardhi. Jamani. Mawe yote yamefunikwa na kitu cheusi kizito kama lami, ukikigusa na fimbo kinavutika. Ule utando wa juu wa septiki ulikuwa unapita wote moja kwa moja unaenda kuziba mawe, maji yatanywewa na nini? Hapo ndo nikaelewa kazi ya tii, kwamba bomba la kutoka linatakiwa lichote maji ya katikati, sio ya juu yenye utando wala ya chini yenye tope, na tundu la kutoka likae chini ya la kuingia kwa sentimita 5 hadi 7 hivi.

Nikarudia kila kitu. Vyumba viwili, cha kwanza theluthi mbili ya tenki na cha pili theluthi moja, tii kuingia tii kutoka, bomba la hewa, na shimo jipya la kunyonya maana la zamani lilishakufa. Safari hii nikagoma kufukia. Nikajaza maji mpaka usawa wa bomba, nikaweka alama ya mkaa ukutani, asubuhi naenda kuangalia maji yameshuka vidole vinne. Fundi ananiambia boss hizo ni tofali zinakunywa, kawaida. Sawa, nikajazia tena, siku ya pili vidole vinne vile vile. Tofali zimeshashiba, sasa yanaenda wapi? Tukakuta upenyo pale bomba linapoingilia ukutani, lipu haikushika. Akarudia lipu na niru (saruji laini ya kusiliba juu), nikajaza mara ya tatu, alama haikusogea. Ndo tukafukia.

Wangapi mmejaribu kwa maji kabla ya kufukia? Na udongo wenu ukoje?

#2 – Mdau wa Kibirizi

Mkuu mimi shida yangu ilitokea chini. Nipo upande wa ziwani, na mnakumbuka 2020 kwenda 2021 Tanganyika ilivyopanda. Choo kikajaa, nikaita gari la kunyonya, wakavuta wakamaliza nikalipa. Kesho yake asubuhi nafunua mfuniko maji yako pale pale. Nikadhani nimeibiwa, nikapiga simu kwa hasira kabisa. Kumbe yule dereva hana kosa, yalikuwa maji ya ardhini yanaingia kupitia kuta, ziwa lilishafika chini ya kiwanja changu.

Dereva mwenyewe ndo alinielekeza kwamba hali ikiwa hivyo usivute tenki likawa tupu kabisa, maji ya nje yanalisukuma, kuta zinapasuka au tenki linanyanyuka. Mwisho nilijenga choo kingine juu kidogo nyuma ya nyumba, nimekiinua ngazi tatu, tenki fupi na pana badala ya refu kwenda chini. Mtu wa pwani ya ziwa usichimbe kina kirefu ukidhani ndo uimara, unayafuata maji.

#3 – Mdau wa Tabora, Ipuli

Huku kwetu kuna mahali mchanga na kuna mahali mbuga tupu, ule udongo mweusi mzito, ndani ya kiwanja kimoja unaweza kukuta vyote. Mimi nilichimba vishimo vitatu vya majaribio kina cha kama mkono, nikamwagia maji jioni yalowane, asubuhi nikajaza tena nikakaa na saa. Kimoja kiliisha kabla sijamaliza chai. Kile cha kwenye udongo mweusi mpaka mchana maji yapo yananiangalia, na hapo ndipo fundi alipokuwa ameshapima shimo la kunyonya kwa sababu ni karibu na choo na bomba lingekuwa fupi! Nikahamisha, nikaongeza mabomba, sijutii.

Kingine, watu wa Tabora tukubali mambo yamebadilika. Septiki nyingi zilipimwa enzi za kuoga kwa ndoo. Maji ya Ziwa Victoria yalivyofika mjini watu wakaweka mashawa na mashine za kufulia, shimo ni lile lile. Tope halipati muda wa kutulia, linasombwa linaenda kwenye sokawei, yaani lile shimo la kunyonya.

#4 – Mama wa Mwanga

Wanangu mmesahau jikoni. Sisi hapa mawese ndo mboga, na mawese yakipoa yanaganda. Mimi maji ya kuoshea masufuria nilikuwa namwaga kwenye sinki miaka miwili, bomba la inchi 4 likaziba, kijana alivyolikata ndani kuna mviringo wa njano mgumu kama sabuni, tundu limebaki la kupita kidole. Sasa nina chemba ndogo ya mafuta kabla ya septiki, kila Jumamosi naondoa yale yaliyoelea, na sufuria nafuta kwa karatasi kwanza. Na mtu asiwadanganye mkamwaga dawa kali za kusafishia kila siku, zinaua vile vijidudu vinavyoozesha uchafu.

#5 – Mdau wa Ujiji

Naomba niongeze moja, na naandika hili mikono inatetemeka. Msiingie. Mdogo wangu ndoo ilimponyoka ndani ya septiki ya zamani, akashuka ngazi kuifuata, hajafika chini akalegea magoti. Bahati alikuwa amefungwa kamba kwa sababu baba alikataa ashuke bila kamba, tukamvuta watu wanne. Yule wa pili alikuwa ameshaweka mguu amfuate, baba akamshika shati. Ile hewa haikupi nafasi ya kupiga kelele, na ndo maana unasikia wamekufa wawili watatu shimo moja, kila mmoja kaenda kumuokoa mwenzake. Ndoo ni bei gani jamani.

#6 – Mdau wa Mwandiga

Asanteni wote. Mleta mada nina swali, shimo langu limeshachimbwa bado kujengwa tu. Kisima kiko kwa jirani, umbali gani unatosha?

#7 – Mleta mada

#5 pole sana ndugu yangu, Mungu alimlinda.

#6 mimi niliambiwa na bwana afya mita 30 kutoka kisimani, na kisima kisiwe upande wa chini wa mteremko. Huko kwenu kuna mteremko, angalia sana hapo.

#8 – Mdau wa Mwandiga

Nimetoka kupima kwa kamba sasa hivi na tochi. Mita 17, na kisima kiko chini yangu. Pale kwa jirani wanachota nyumba sita. Kesho asubuhi nawaambia vijana walifukie, tunahamia upande wa barabarani.